Q Bila U

Mjomba wangu alifundisha Kiingereza shule za sekondari kwa miaka mingi. Baada ya kustaafu amebaki na migomba yake na ubao wa Scrabble. Yeye ndiye anayenilipia karo. Likizo yangu ya kwanza nilipomwambia kwamba nimechagua Kiswahili kuwa somo kuu, hakunigombeza. Alisema tu, "Ya mwaka wa pili tutayaona," akaenda kuleta ubao.

Nilimwelewa. Kwetu Uganda watu wengi wa rika lake walikisikia Kiswahili kwanza vinywani mwa askari. Miaka ya 1970 mjomba alikuwa kijana, na baiskeli yake ilichukuliwa kwenye kizuizi cha barabarani na askari aliyemwambia maneno mawili: "Leta. Kimbia." Kiswahili chote alichobaki nacho ni cha namna hiyo: leta, toa, simama, lala chini. Ukimwambia lugha hiyo ina mashairi, anakutazama kana kwamba umemwambia kile kizuizi kina mashairi.

Turudi kwenye mchezo. Seti ya Kiingereza ina vipande 100. E ziko 12, U ziko 4, Q ni moja tu, nayo ina alama 10. Tabu ni kwamba Kiingereza ni nadra kuandika Q bila kuifuatisha U. (Mjomba hupenda kueleza kwamba zamani hata queen liliandikwa cwen, mpaka Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 na waandishi wao wakaja na qu yao. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.) U zote zikishatumika, Q inageuka deni: mwenzako akimaliza vipande vyake nawe umebaki nayo, unapunguziwa 10 na yeye anaongezewa 10. Likizo ile nilishindwa hivyo mara tatu.

Basi niliporudi chuoni nikaanza kusaka. Usiku hosteli, wenzangu wakiwa wamelala, nilipitia orodha ya maneno ya Collins nikitafuta yenye Q isiyo na U. Nilikuta qi la Wachina, nikalinakili. Nilipofika kwenye talaq nikasita. Nikatazama maana yake, nikacheka peke yangu gizani. Talaka! Nikaendelea kwa pupa. Qadi ni kadhi. Qibla ni kibla. Faqir ni fakiri. Qasida ni kasida. Suq nililirudia mara mbili kabla ya kuamini: ni soko, neno tulilofundishwa katika wiki ya kwanza. Halafu waqf, yaani wakfu. Mimi niliyekuwa nikitafuta silaha ya Kiingereza, nilikuwa nakuta msamiati wa darasa langu.

Na Kiswahili chenyewe hakina Q katika alfabeti yake. Maneno hayo yametoka Kiarabu; Waswahili wakaiweka K mahali pa Q, na neno lisiloishia na irabu wakalipa irabu. Leo ni wenyeji kabisa: tunasema masoko, tunasema ametalikiwa, wala hakuna anayeuliza yalikotoka. Kwa Waingereza bado yamekaa na Q yao, kama mgeni aliyekaa miaka na miaka bila kuvua koti.

Desemba nikarudi nyumbani. Siku ya tatu, mchezo ukiwa umefika katikati, nilikuwa na Q mkononi na sina U. Mjomba alikuwa ameacha F mahali pazuri. Nikaweka W, A na Q mbele yake, penye mraba wa kuzidisha neno mara mbili. Alama 38.

"Hakuna neno kama hilo."

"Lipo, mjomba."

Hakuiamini simu yangu, akataka kitabu. Akavaa miwani, akasoma, akakifunga taratibu. "Hiki ni Kiarabu."

"Ndiyo, mjomba. Na school ni la Wagiriki."

Nilijuta palepale, maana si adabu kumjibu hivyo aliyekulea. Lakini yeye aliwafundisha wanafunzi jambo hilohilo maisha yake yote. Alinyamaza, kisha akauliza, "Nyinyi mnalisemaje?"

"Wakfu." Nikamweleza kwamba ni mali iliyotengwa kwa ajili ya Mungu, shamba au nyumba, ambayo haiuzwi wala hairithiwi. Nikaongeza kwamba hata Wakristo wanalitumia: kanisa jipya likijengwa, askofu huja kuliweka wakfu. Mjomba ni mzee wa kanisa.

"Kuweka wakfu," alirudia, polepole, kama mtu anayeonja uji kuona kama umepoa. Sikuwahi kusikia kinywani mwake Kiswahili ambacho si amri.

Mchezo alishinda yeye, kwa alama 23. Kuhusu somo langu hakusema kitu jioni ile, wala siku zilizofuata. Karo ya mwaka wa pili ilifika Februari, imechelewa kama kawaida yake, bila maelezo.

Siku hizi akipata Q uso wake haufichi. Hukunja paji, hutazama ubao, halafu huniuliza kana kwamba ni mazungumzo tu: "Hivi yule hakimu wa Waislamu, mnamwitaje?" Nami sijibu. Anazo alama za kutosha.