Karibuni Krismasi, Mwisho Saa Kumi na Moja

Ujumbe uliingia mwanzoni mwa Desemba kutoka kwa dada yangu wa Leicester, mtoto wa mama mkubwa, niliyekua naye ua mmoja pale Mwamanyili: "Karibuni Krismasi kwetu, saa saba mchana hadi saa kumi na moja jioni. Njooni na vinywaji." Mke wangu akausoma, akanirudishia simu bila neno. Vinywaji havikunisumbua. Nilikwama kwenye saa ya kuondoka. Karibu yenye saa ya kufunga, kama duka la dawa, sijawahi kuiona ikitoka kwenye ukoo wetu.

Mwamanyili hakuna mwenye saa ya kuondoka. Hata ya kufika hatuna. Kuanzia tarehe 20 mabasi ya Mwanza kwenda Musoma yanajaa hadi mlangoni, na kila likisimama anashuka mtu wetu: huyu katoka Dar na begi la magurudumu ambalo kwenye tope itabidi alibebe kichwani, yule katoka Kahama na jogoo chini ya kwapa. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, hata ndugu wa Sengerema hawana tena kisingizio cha kivuko. Hakuna aliyepiga simu kwanza. Jioni mama mkubwa anahesabu vichwa, si kwa ajili ya vitanda, maana vitanda vilishaisha juzi, bali apate kujua unga wa kusongea ugali. Wanaume tunatandikiwa sebuleni, miguu ya mtu wa Geita ikiwa usoni pako, na lazima awepo mjomba mmoja anayekoroma.

Sisemi ni raha tupu. Desemba ni mvua, na mvua kwetu ni pamba. Tarehe 23 utagongewa dirisha alfajiri uende shamba na wenzako, uwe umetoka Dar, uwe umetoka Ulaya, na viatu vyako vyeupe shauri yako. Kuna wajomba wanaokuja mikono mitupu wakaondoka na gunia la michembe. Kuna kikao cha ukoo kinachowekwa tarehe 26 kwa makusudi kabisa, kwa sababu siku hiyo wenye mishahara wote mpo na basi la kukimbilia halina nafasi. Hapo ndipo utakapojua kwamba kuna mtoto anaanza kidato cha kwanza Januari, na kwamba wewe ndiye baba yake mdogo.

Ila tarehe 25 yenyewe, waache waseme watakavyo. Watoto wanatoka kanisani na nguo mpya ambazo bado zina mikunjo ya dukani, wanaingia nyumba baada ya nyumba, wasichana wanapiga goti, "mwadila mayu", kisha wanakaa. Hawaondoki mpaka pilau ishuke, na hakuna anayewauliza ni wa nani. Mama mkubwa anakaa kigodani kando ya sufuria akigawa kuku kwa mkono wake: firigisi ya babu, mapaja ya wageni, shingo na mgongo kwa waliopika. Kila mwaka kuna anayenung'unika kuhusu mgawo ule, na kila mwaka hakuna anayethubutu kunung'unika kwa sauti.

Leicester tulikwenda kwa gari, maana siku ya Krismasi Uingereza treni zinalala, na maduka makubwa yamefungwa kwa sheria. Kabla ya saa kumi jioni jua limeshazama. Sina zaidi la kusema kuhusu sikukuu ya huko. Dada alipika pilau ya kwelikweli, isipokuwa kila vitunguu vilipoanza kuwa vya kahawia king'ora cha moshi kililia, na mwanawe alikuwa amewekwa chini yake na taulo, akipepea.

Saa kumi na moja kasorobo akaanza kutufungia vyakula kwenye makopo ya aiskrimu. Chini ya gauni la kitenge alikuwa ameshavaa suruali ya sare. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na usiku wa Krismasi una malipo manono kuliko usiku mwingine wowote. Bati za nyumba ya mama yake zimetokana na zamu kama ile. Hata hivyo sikulainika. Angeandika tu kwamba ana zamu.

Nikamtania kwamba mwakani tukutane Mwamanyili, ambako hatafukuza mtu. Akanijibu bila kuinua macho: "Kule nako nina siku yangu ya kuondoka, kaka."

Ni kweli. Alichukua uraia wa Uingereza, na kwa Sheria yetu ya Uraia ya 1995, mtu mzima akichukua wa kwingine kwa hiari, wa Tanzania umekwisha. Sasa akienda kumsalimia mama yake analipa dola 50 za viza na kugongewa muhuri wa siku 90. Jirani yake Mkenya ana pasipoti mbili kwenye droo moja tangu Katiba yao ya 2010 iruhusu. Waganda nao wanaruhusiwa. Sisi, mwaka 2025 Bunge letu lilipitisha marekebisho ya sheria ili wenye asili ya Tanzania wapewe hadhi maalumu. Nashukuru, lakini hadhi maalumu bado ni ya mgeni, hata akiwa mgeni anayependwa. Na serikali hii hii mwaka 2012 iliunda Mkoa wa Simiyu, wilaya yetu ya Busega, yenye Mwamanyili, ikatolewa Magu, Mwanza. Mimi nilizaliwa Mwanza, mpwa wangu kazaliwa Simiyu, kitanda ni kile kile, na hakuna aliyetutaka turudishe cheti chochote.

Tulimpigia mama mkubwa kabla dada hajatoka kwenda kazini, nikamweleza habari ya muhuri ili na yeye akasirike. Akanyamaza kidogo.

"Siku tisini?" akauliza. "Huyo, ambaye hajawahi kumaliza hata mwezi hapa? Mpe simu nimwulize mwenyewe."