Rangi ya Nyoka Yaweza Kumdanganya Mtu

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ni kweli, lakini mtu aliyeshtuka hapati nafasi ya kutazama, na mara nyingi fimbo yake humwangukia asiye na hatia. Jambo hili laonekana wazi katika habari ya nyoka wala-panya wa Marekani.

Nyoka hawa hukaa upande wa mashariki wa nchi ile, misituni na mashambani. Hawana sumu. Humzonga panya na kumbana mpaka afe, kisha humeza. Mkulima mwenye ghala la mahindi apata faida kubwa kwao, ijapokuwa pengine huiba mayai na vifaranga, na kwa sababu hiyo wako wakulima wanaowaita nyoka wa kuku.

Shida ni rangi zao. Upande wa kaskazini nyoka huyu akiwa mzima huwa mweusi karibu mwili wote, ila kidevu chake ni cheupe. Katika pwani ya Carolina mpaka Florida huwa wa manjano, mwenye milia minne myeusi toka shingoni hata mkiani. Katika Alabama huwa wa kijivu mwenye mabaka, na kwenye mabwawa ya kusini mwa Florida hupata rangi ya chungwa. Kwa miaka mingi wataalamu walizihesabu rangi hizi kuwa ni jamaa mbalimbali. Lakini mwaka 2000 Frank Burbrink na wenzake walitangaza matokeo ya kuchunguza chembe za urithi, nayo yalionyesha kwamba ukoo haufuati rangi. Mipaka ya koo ni mito na milima, kama vile mto Mississippi. Mweusi wa ng'ambo hii na mweusi wa ng'ambo ile si wa ukoo mmoja. Kanzu za rangi moja hazifanyi watu kuwa ndugu.

Liko jambo kubwa zaidi. Hata yule mweusi hazaliwi mweusi. Atokapo katika yai huwa wa kijivu mwenye mabaka ya giza mgongoni, na mabaka hayo hufifia kadiri anavyokua. Tena akiogopa hutikisa mkia katika majani makavu, ukalia kama wa nyoka mwenye njuga. Basi watu humdhani kuwa copperhead, yaani kichwa cha shaba, ambaye ana sumu, wakamwua.

Hata hivyo, atazamaye kwa utulivu aweza kuwatenga. Mapande ya copperhead ni membamba juu ya mgongo, nayo hupanuka ubavuni. Ya mla-panya mchanga ni mapana mgongoni kama tandiko la punda. Ncha ya mkia wa copperhead mchanga ni ya manjano. Alama moja peke yake haitoshi. Yafaa kuziweka pamoja umbo, mabaka, umri na mahali alipoonekana.

Kenya nako yuko nyoka wa nyumbani, wa rangi ya kahawia, ambaye hutoka usiku kutafuta panya. Hana sumu, na kichwani ana mistari myeupe pande zote mbili, mmoja ukipita jichoni. Kifutu, ambaye ni hatari sana, ni mnene, mwenye kichwa kipana na alama mfano wa mishale mgongoni. Lakini wote wawili hupigwa kwa fimbo moja, na panya ghalani hufurahi.

Haya hayasemwi ili mtu yeyote amsogelee nyoka apate kumhesabia mabaka. Asiyejua na akae mbali, awaondoe watoto, amwachie nyoka njia aende zake. Kumtazama kwa mbali kwatosha, na atazamaye vema hujifunza kumwogopa anayestahili kuogopwa, na kumwacha hai mlinzi wa mahindi yake.