Jiko la Shangazi Kitui

Tuliondoka Miritini kwa gari-moshi la asubuhi, sisi na mama watoto, tukateremka Kibwezi jua likiwa limekwisha kupanda. Hatukwenda kutembea. Shangazi yetu, mjane aliyeolewa Kitui tangu ujana wake, alikuwa ametupigia simu akasema maneno machache tu: "Mwanangu, njooni. Wataka kuning'olea jiko."

Kibwezi ni Makueni, na Kitui iko ng'ambo ya mto Athi. Barabara ya lami hupita penye mkonge na mibuyu, ikavuka mto, kisha ikashika Ikutha na Mutomo mpaka mjini. Watu wa pwani na watu wa huku wajuana kitambo. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremka Mombasa na pembe za ndovu, na mwaka 1849 Krapf, mmisionari aliyekaa Rabai, alifika Kitui akiwa mgeni wa Kivoi, tajiri mkubwa wa biashara hiyo. Nyumbani kwa shangazi Kiswahili cha Mvita na Kikamba hukaa mkeka mmoja, na majirani humwita Mwaitu, yaani mama.

Nyumba yenyewe ni ya zamani: paa la mabati, baraza mbele, madirisha ya mbao yasiyo na kioo. Jikoni mna makabati yaliyojengwa na marehemu mumewe, aliyekuwa seremala. Yamepakwa rangi ya mafuta mara tatu, kijani, kisha samawati, kisha nyeupe iliyogeuka manjano kwa moshi. Milango miwili haifungi. Mwanawe afanyaye kazi Nairobi alikuwa amekwisha kuagiziwa bei ya makabati mapya, meupe ya kung'aa, ya mbao za unga ulioshindiliwa kwa gundi. Naye hakuwa na nia mbaya. Alichoka kuona mama yake akipigana na milango, na mende wakizaana nyuma ya mbao.

Jioni ile tulikaa barazani wanaume watano tukilijadili jiko. Mmoja alitaja heshima ya marehemu, mwingine bei, nasi tukaongeza neno juu ya israfu. Mama watoto akauliza kutoka mlangoni: "Na mwenye kupika, ameulizwa?" Tuliona haya. Shangazi alipoitwa, hakuleta habari ya kumbukumbu kama tulivyotazamia. Alisema rafu ya juu haifikii tena kwa sababu ya bega lake, na kwamba ataka milango ifunguke kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkono wa pili huwa umeshika sufuria. Hayo tu. Mwanawe akakubali kungoja mpaka mwisho wa wiki: tukishindwa, makabati mapya yaja.

Siku ya kwanza tulikosea sisi wenyewe. Tulishika msasa tukaanza kusugua rangi kavu, vumbi likajaa nyumba nzima, na mkaza mwana mwenye mimba alikuwa akipita na mtoto mgongoni. Fundi mmoja mzee, jirani, alisimama dirishani akatukataza kwa sauti kubwa. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto hata kama ni kidogo. Kwa mimba vilevile ni hatari. Tukatoa watoto na mwenye mimba wakalale kwa jirani, tukafuta sakafu kwa matambara maji, wala hatukufagia, maana ufagio hulirusha vumbi upya. Enyi wenye nyumba za kale, jambo hili msilidharau.

Tangu hapo kazi ilifanywa nje, chini ya mwembe, juu ya turubai. Milango yote ilitolewa na kila bawaba na skrubu zake zikatiwa kikombe chake. Kwanza mbao zilioshwa kwa sabuni na maji ya moto, kwani mafuta ya kupikia yakibaki, vanishi haishiki. Kisha ikapakwa dawa ya kutoa rangi, na ngozi ya rangi ikakwaruzwa ingali mbichi, ikafungwa katika mifuko isichomwe wala kutupwa shambani. Msasa ulikuja mwisho, tena wa maji, kwa kufuata nyuzi za mbao na si kuzikata.

Chini ya weupe ule ikatokea mbao nyekundu-kahawia. Fundi akaitambua papo hapo: mukau. Ni mti wa nyika hizi, mchwa hauupendi, na wengi huulinganisha na mkangazi. Taasisi ya utafiti wa misitu ya KEFRI ina kituo chake Kitui, nayo imeushughulikia mti huu kwa miaka mingi pamoja na Wajapani, hata kuna mashamba ya mbegu zake huku na Kibwezi. Na sisi tulikuwa karibu kuutoa ukawe kuni.

Hapo tukapata wazimu wa pwani. Tulipendekeza ichongwe mapambo ya Lamu kwenye milango, na vifundo vya shaba. Shangazi alitusikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "Lamu ni Lamu. Hii nyumba tangu hapo ni ya mbao tupu." Alikuwa na haki. Kila kitu mle, toka fremu za madirisha hadi kitanda chake, ni mistari iliyonyooka. Vishikizo vya zamani vya chuma vikaoshwa, vikarudi mahali pake.

Mbao zilipakwa mafuta ya kitani mara mbili, alfajiri, kabla upepo haujainua vumbi. Matambara yenye mafuta hayo tuliyaanika yakiwa yametandazwa, kwa sababu yakirundikwa huweza kujiwasha yenyewe. Rafu ya juu ilishushwa shubiri mbili.

Ilibaki ile milango miwili isiyofunga. Fundi alikuwa tayari kuipunguza kwa randa, ndipo mama watoto akaona alama za patasi ukingoni, zilizokuwa zimefunikwa na rangi: mlango huu mikato miwili, ule mitatu. Na kwenye fremu, mikato ileile. Marehemu alikuwa ameandika kila mlango na nafasi yake, na aliyekuja kupaka rangi baadaye alipoirudisha akaibadilisha. Tukaihamisha. Ikafunga, na pengo jembamba kama sarafu likabaki kando, la kungojea mvua za vuli zitakapovimbisha mbao.

Mwanawe alifika Jumamosi. Aliufungua mlango wa kwanza, akaufunga, akaufungua tena kwa kidole kimoja. Kisha akatoka uani kupiga simu Nairobi, na shangazi akaanza kurudisha vikombe.