Yule Mzee Kipofu Alilala Wapi?



Jumamosi jioni, baada ya chakula, mafrateri tunapewa muda wa burudani. Wengine hucheza bao, wengine huzungumza barazani, na sisi wachache hukaa ukumbini mbele ya projekta iliyochoka. Muhula uliopita tulianza kuangalia filamu za kale za mazimwi, zile zisizo na rangi, ambazo mwenzetu mmoja alikuja nazo kwenye flashi. Tulizianza kwa kucheka. Zimwi linatembea kama mtu aliyefungwa mawe miguuni, na wanakijiji wanakimbia huku na huku na mienge yao. Lakini kuna jioni tulitoka ukumbini kimya, kwa sababu ya swali moja.

Jioni hiyo tulikuwa tumeangalia Bride of Frankenstein, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1935 na mwongozaji James Whale. Katikati ya filamu, zimwi limejeruhiwa na linakimbia watu msituni. Linasikia fidla ikipigwa wimbo wa Ave Maria wa Schubert. Linaufuata muziki hadi kwenye kibanda cha mkaapweke mmoja, mzee kipofu anayeishi peke yake. Mzee hawezi kuona sura ya mgeni wake, hivyo haogopi. Anamkaribisha, anamlisha supu, anamlaza kitandani, kisha anapiga magoti kumshukuru Mungu kwa kumletea rafiki. Mzee analia, na zimwi nalo linatokwa machozi. Picha inapofifia, kinachobaki kuonekana ni msalaba ulio ukutani.

Wanaishi pamoja kwa muda. Mzee anamfundisha mgeni maneno machache, kama mkate, divai na rafiki. Kisha wanafika wawindaji wawili waliopotea njia. Wanalitambua zimwi, vurumai inazuka, na kibanda kinashika moto. Wawindaji wanamshika mzee mkono na kumtoa nje, huku yeye akiwauliza kwa nini wanafanya hivyo. Zimwi linabaki motoni likimwita rafiki yake, kisha nalo linaponyoka na kwenda zake. Kuanzia hapo filamu inalifuata zimwi. Mzee hatumwoni tena mpaka mwisho.

Taa zilipowashwa, tukaanza mjadala wetu wa kawaida wa wanafalsafa: je, kiumbe kile kina roho? Ni nani mwenye hatia, aliyeumbwa au aliyemuumba? Ndipo frateri mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye kwa kawaida hasemi sana, akauliza: "Na yule mzee kipofu alilala wapi usiku ule?"

Tulicheka. Halafu tukaona hakuna mwenye jibu. Nyumba yake imeungua, fidla yake pengine imeungua pia, na rafiki wa pekee aliyempata amefukuzwa. Wawindaji walimwokoa, ni kweli. Lakini je, walimpeleka kwao? Walimwacha kijijini? Kuna aliyemjengea kibanda kingine? Filamu haisemi.

Tangu siku hiyo hatukuweza tena kuangalia filamu hizi kama zamani. Tulirudia Dracula ya mwaka 1931 tukamkuta Lucy. Binti huyu anaumwa na Dracula, anakufa, kisha anazuka usiku akiwa na mavazi meupe na kuwadhuru watoto. Profesa Van Helsing anamwahidi Mina, rafiki yake, kwamba roho ya Lucy itawekwa huru. Bram Stoker, katika kitabu chake cha mwaka 1897, alieleza jinsi jambo hilo lilivyotendeka. Filamu haituonyeshi. Inaishia kwa Mina na mchumba wake wakipanda ngazi kuelekea kwenye mwanga, na Lucy amesahaulika. Mwenzetu mmoja alipendekeza kwa utani kwamba Novemba tumwombee. Hakuna aliyecheka sana.

Katika Frankenstein ya kwanza, ya mwaka huohuo wa 1931, kuna baba anayepita katikati ya kijiji akiwa amembeba mikononi binti yake mdogo, Maria, aliyekufa maji. Ni siku ya harusi. Watu wanacheza, na anavyopita wananyamaza kundi kwa kundi. Filamu inaishia kwenye nyumba ya bwana harusi, mzee wa ukoo akinyanyua glasi ya divai. Nyumbani kwa Maria hatupelekwi. Na katika Godzilla ya Japani, ya mwaka 1954, kuna msichana mdogo hospitalini anayelia mama yake aliyekufa anapoondolewa. Mhusika mkuu anamkumbatia kwa muda mfupi, halafu kazi ya kumwangamiza zimwi inaendelea. Msichana yule alilelewa na nani?

Hatuwalaumu waongozaji. Hadithi haiwezi kumfuata kila mtu hadi nyumbani kwake. Kilichotusumbua kilikuwa jambo letu wenyewe.

Miaka miwili iliyopita tulikuwa tunafanya utume wa Jumapili katika kigango kimoja cha mbali kidogo na seminari. Huko kulikuwa na babu mmoja aliyeishi peke yake, ambaye tulizoea kumtembelea pamoja na katekista. Jumapili moja tulimkuta amelala sakafuni, hawezi kusimama. Tulimbeba kwenye kitanda cha kamba hadi barabarani, tukapata bajaji, tukamfikisha zahanati. Muuguzi akampokea. Tukawahi Masifu ya Jioni.

Siku hiyo mezani tulisimulia yote, na wenzetu walitusifu. Wiki iliyofuata ilikuwa ya mitihani. Baadaye ikaja likizo, na tuliporudi tulikuwa tumepangiwa kigango kingine. Hadithi ile tumeisimulia mara nyingi tangu hapo, hata katika tafakari ya Msamaria Mwema. Kila mara iliishia mlangoni pa zahanati. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza nini kilitokea baadaye.

Tulirudi kuisoma Luka sura ya 10, tukaona jambo ambalo hatukuwa tumelizingatia. Msamaria hakuishia kumfunga yule mtu majeraha na kumfikisha kwenye nyumba ya wageni. Alilala hapo, kesho yake akatoa dinari mbili, na akaahidi kwamba atapita tena wakati wa kurudi. Sisi tulikuwa tumeifanya nusu ya kwanza ya mfano huo na kuiita mfano mzima. Wawindaji nao walifanya hiyo nusu.

Tukaomba ruhusa kwa mlezi wetu, tukaenda. Njiani hatukuzungumza sana. Kila mmoja alikuwa amejiandaa kuonyeshwa kaburi.

Tulimkuta amekaa nje ya nyumba yake, anapukuchua mahindi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kututambua. Tulipojieleza, aliweka gunzi chini, akatuangalia mmoja mmoja.

"Nyie mlipotelea wapi?" akauliza. "Kila nikimwona katekista namuuliza: wale vijana walionibeba, wameshakuwa mapadre, au wamefukuzwa?"

Tulicheka kwa aibu. Akatueleza kwamba kutoka zahanati alipelekwa hospitali, akalazwa wiki tatu. Akina mama wa jumuiya yake ndio waliopokezana kumpelekea uji na kumfulia nguo. Majina yao tulikuwa hatuyajui, ingawa tulisali nao mwaka mzima. Tulimwomba atutajie, tukayaandika.

Kisha akasema jambo ambalo bado tunalo moyoni. Tangu atoke hospitali, kila jioni husali fungu moja la rozari kwa ajili yetu. Hakuwa na majina yetu, kwa hiyo alikuwa akimwambia Mama Maria "wale walionibeba," akiamini atawajua. Muda wote huo sisi tulidhani yeye ndiye aliyepotea kwenye hadithi yetu. Kumbe kwake, waliopotea walikuwa sisi.

Ndugu msomaji, pengine nawe yupo mtu uliyemshika mkono siku ya moto, ukamtoa nje, ukaendelea na safari. Kumuuliza hali yake hakuhitaji mradi wala kamati.

Tulipoaga tulimwambia kwamba tutakuja kila mwezi, na siku za sikukuu, na wakati wa mavuno tutamsaidia shambani. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Msiahidi mengi, wajukuu zangu," akasema, akichukua gunzi lingine. "Njoni tu. Na mkija, mje na sukari."