Nilidhani Nimekanyaga Dawa

Mimi ni mkulima wa machungwa hapa Muheza. Wakati wa msimu huchuma machungwa, huyajaza katika tenga, na kuyabeba kichwani mpaka barabarani. Huko wanunuzi wa Dar es Salaam na wa Kenya husubiri na magari yao. Ni mwendo wa nusu saa, nami huenda na kurudi mara nyingi kwa siku. Miguuni nilikuwa navaa kandambili zilizolika sana.

Mwaka 2018, katikati ya msimu, niliamka alfajiri nikakanyaga chini. Kisigino kiliuma kama nimechomwa msumari. Nilitazama, sikuona jeraha wala mwiba. Nilipotembea kidogo maumivu yalipungua. Jioni yakarudi. Kesho yake alfajiri, msumari ule ule.

Ndugu msomaji, nasema kweli ingawa ni aibu. Siku zile nilikuwa na ugomvi na jirani yangu juu ya mpaka wa shamba. Watu wakaniambia, "Umetegewa. Umekanyaga dawa." Nikaamini. Niliacha kumsalimu jirani. Nikawakataza hata watoto wasicheze na watoto wake. Niliuza kuku wawili nikamlipa mtu aliyenichanja kisiginoni kwa wembe. Maumivu hayakuondoka, na sasa nikawa na kidonda pia.

Shangazi yangu ndiye aliyenipeleka zahanati. Yeye ana matende katika mguu wa kushoto. Aliniambia, "Mwanangu, hata mimi walisema nimerogwa. Kumbe ni mbu."

Tabibu alikuwa dada kijana. Aliniuliza, "Baba, unaumwa zaidi wakati gani?" Nikajibu, "Ninapoamka." Akabonyeza kisigino kwa kidole gumba, nikaruka! Akanipima sukari, sikuwa nayo. Akasafisha kidonda, akanichoma sindano ya kukinga pepopunda, kwa sababu ya ule wembe.

Kisha akanieleza. Chini ya unyayo kuna kano pana, inatoka kisiginoni kwenda kwenye vidole. Mizigo mizito, mwendo mrefu na viatu vyembamba huiumiza. Usiku mguu ukipumzika, kano hukaza. Asubuhi ukikanyaga, inavutwa ghafla. Ndiyo maana hatua za kwanza huuma kuliko zote.

Alinifundisha mambo ya kufanya. Kabla sijashuka kitandani, navuta vidole vya mguu kuelekea kwangu, nahesabu mpaka 20, narudia. Jioni nakaa kwenye kigoda, nabingirisha chupa ya maji chini ya unyayo. Nilitupa kandambili, nikanunua raba za mtumba zenye soli nene. Kazi ya tenga nilimwachia kijana wangu kwa muda. Haikupona upesi. Ilichukua miezi minne.

Nilimwuliza kama nami nitapata matende. Alisema maumivu ya matende si kama yangu. Mguu huvimba, huwa mwekundu na wa moto, homa hupanda na mtoki hutokea kwenye kinena. Minyoo yake huletwa na mbu, na dawa za kuizuia zilianza kugawiwa mkoani Tanga mwaka 2004. Shangazi huosha mguu wake kila siku kwa maji na sabuni, huukausha vizuri katikati ya vidole, na akikaa huuinua juu ya kiti. Tangu aanze hivyo, homa zile humjia mara chache.

Tabibu alitoa onyo moja kwa ukali. Mtu mwenye sukari, au mwenye miguu yenye ganzi, asiikande kwa maji ya moto. Ataungua bila kujua, na kidonda hicho kinaweza kumpotezea mguu.

Nilipopona nilikwenda kwa jirani nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini. Mpaka wa shamba bado hatujaelewana. Lakini tunasalimiana, na ile chupa yangu ameiazima. Mpaka leo hajairudisha.