Mpaka wa Milamula

Mkiniuliza niliokokaje, lazima nianze na miaka 12 niliyoikataa Injili.

Kaka yangu alipanda meli ya MV Bukoba jioni ya tarehe 20 Mei 1996, na mikungu yake ya ndizi ya kuuza Mwanza. Asubuhi yake meli ikazama, Mwanza ikiwa si mbali tena. Mwili hatukuupata. Wengi wasiotambuliwa walizikwa Igoma, Mwanza. Huenda naye yumo.

Tukiwa matangani, mhubiri mmoja alisimama uani akasema Mungu ametuadhibu kwa dhambi zetu. Mama akajifunika kanga usoni. Nikajisemea: kama hizi ndizo habari njema, mbaya zikoje?

Tangu siku hiyo, kila aliyenihimiza niokoke nilimsimulia kisa hicho, naye alinyamaza. Ilikuwa sababu nzuri, tena ya kweli.

Mwaka 2008, asubuhi na mapema, mzee jirani yetu alibisha hodi, jembe begani. Nikamwamkia. Hakuketi.

"Mwanangu, baba yako alipofariki, nilisogeza milamula ya mpaka. Migomba yenu mitatu nimeila miaka minane. Nimekuja kuirudisha."

Akaing'oa milamula, ile mimea ya kuonyesha mpaka, mmoja mmoja, akaipanda ilipokuwa zamani. Jasho lilimtoka, lakini nilipotaka kumsaidia alikataa. Alikuwa ndugu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda hadi kwetu Bukoba. Kwao toba ya mdomo haitoshi mpaka ulichochukua kirudi kwa mwenyewe.

Nikamtupia swali langu la siku zote: "Mzee, Mungu alimuulia nini kaka yangu?"

Akafuta mikono kwenye suruali. "Sijui, mwanangu. Mimi ninalolijua ni la mpaka."

Usiku ule sikulala. Baada ya msiba, mfanyabiashara mmoja wa Mwanza alinikabidhi fedha za ndizi alizokuwa akidaiwa na kaka, nimpelekee mjane. Sikumpelekea. Nilinunua baiskeli. Kumbe nilikuwa na sababu mbili za kuikataa Injili, na watu niliwasimulia moja tu. Yule mhubiri alinijeruhi kweli, lakini jeraha lile nililigeuza pazia.

Sisemi kila anayekataa ameficha kitu. Wapo waliopima kwa uaminifu wasishawishike. Wapo wanaoogopa kutengwa na ukoo. Nashuhudia yangu.

Nilitubu alfajiri, peke yangu, chini ya migomba. Hilo halikuwa gumu. Gumu lilikuwa kuuza ng'ombe na kwenda kwa shemeji na bahasha mkononi. Nilimweleza yote huku nimeinamisha kichwa. Akazihesabu zile noti mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga.

"Nilikuwa najua, shemeji," akasema. "Nilikuwa nakungoja."