Ua la Same lililonifanya nimwombe radhi binti yangu

Basi lilipoiacha Mombo, binti yangu alikuwa amebandika pua kwenye kioo. Upande wetu wa kulia milima ya Usambara ilikuwa bado ya kijani, lakini huku chini barabarani mambo yalikwisha kubadilika. Mashamba ya katani yalipita, ikabaki miiba, mibuyu isiyo na majani na vumbi. Ilikuwa mwezi wa tisa, likizo fupi ya shule, nasi tulikuwa safarini kutoka Dar es Salaam kwenda Same kumsalimia bibi yao, mama yake mume wangu.

Kwa asiyeijua njia hiyo, kutoka Dar hadi Same ni zaidi ya kilomita 400. Ukishapita Mkomazi na Hedaru, milima ya Pare inakusindikiza mkono wa kulia. Kule juu kuna mvua, migomba na mashamba ya tangawizi. Huku chini, mvua nyingi zimeshaishia mlimani, na tambarare inabaki na kiu.

Tukikaribia Makanya, binti yangu alinishika mkono ghafla.

“Mama, tazama! Mti ule umekufa, lakini una maua!”

Nilitazama. Kwenye mawe, kando ya kichaka cha miiba, kulikuwa na mti mfupi kama urefu wa mtoto wa miaka kumi. Shina lake lilikuwa limevimba chini kama kibuyu, la kijivu, lisilo na jani hata moja. Kwenye ncha za matawi kulikuwa na maua ya waridi, mengi, yenye petali tano tano na koo jeupe.

Niliutambua. Nikanyamaza.

Zawadi iliyooza

Mzazi mwenzangu, nieleze kwa nini nilinyamaza. Mwezi wa nne mwaka huo, binti yangu alipotimiza miaka tisa, nilimnunulia mche wa ua hilo kwenye bustani ya miche ya barabarani. Muuzaji aliuita waridi la jangwani. Tuliuweka barazani, na kazi ya kuumwagilia nikampa yeye, ili ajifunze kuwajibika.

Mwezi wa sita, baridi ya Dar ilipoanza, majani yakageuka njano na kudondoka. Niliogopa. Nikaanza kumwaga maji mwenyewe, asubuhi na jioni, na kopo jingine pale nilipoona jua limewaka. Siku mbili ambazo binti yangu alikwenda kwa shangazi yake, alisahau kunikumbusha. Aliporudi, shina lilikuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nilimgombeza. Nilimwambia mmea wake umekufa kwa sababu ya uzembe wake.

Alilia, kisha akaacha kulia, na akaacha kabisa kwenda barazani. Hilo la pili ndilo lililoniuma, ingawa sikusema.

Bibi na mti wa mawe

Nyumba ya mama mkwe iko pembezoni mwa mji wa Same, chini ya kilima cha mawe. Tulipokelewa na chai ya tangawizi. Watoto walipomaliza “shikamoo Bibi” zao, binti yangu alikuwa wa kwanza kuuona: mti uleule, mkubwa kuliko ule wa njiani, umesimama kwenye kona ya uwanja, umejaa maua.

“Bibi, huu nani anaumwagilia?”

“Mungu,” alijibu mama mkwe. “Na yeye mwenyewe hana haraka nao.”

Kabla hatujacheka, mdogo wake wa miaka minne alikuwa amekwisha kuvunja kijitawi. Mama mkwe aliinuka kwa kasi ambayo sikuitarajia kwa umri wake. Alimkamata mikono yote miwili, akamvuta hadi kwenye ndoo, akamsugua kwa sabuni mara mbili.

“Utomvu wa huu si wa kuchezea,” alisema. “Usimguse machoni, usimwache alambe vidole. Mbuzi wangu wenyewe wanaupita pembeni, na mbuzi wa hapa wanakula hata kamba.”

Hakuwa anatutisha. Utomvu wa mmea huu una sumu inayoshambulia moyo. Wahadzabe, wawindaji wa kandokando ya Ziwa Eyasi, huuchemsha hadi uwe mzito, kisha huupaka kwenye mishale yao. Mti huo ni wa ukoo mmoja na oleanda, ua jingine la bustani lenye sumu. Na waridi halisi? Wamefanana jina tu, si ndugu.

Jina lake la kisayansi ni Adenium obesum. Neno la kwanza linatokana na Aden, mji wa bandari wa Yemen, na la pili maana yake ni mnene. Aliyeuita mnene ni Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyefika Yemen na msafara wa Denmark na kufariki hukohuko mwaka 1763; maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775. Nilipowaeleza watoto, walimcheka “Bwana Mnene” jioni nzima.

Lakini unene huo ndio uhai wake. Shina lile ni tangi la maji. Mvua ikinyesha, linajaza. Kiangazi kikija, mti unaangusha majani ili maji yasipotee, unalala, na wakati mwingine unachanua ukiwa mtupu vilevile. Wenyewe haujafa hata kidogo.

Nilimweleza mama mkwe habari ya mche wetu, majani ya njano na makopo yangu ya maji. Alinisikiliza hadi mwisho, akakoroga chai yake.

“Ulikuwa umelala, mwanangu. Wewe ukaunywesha usingizini. Huu hauuawi na kiu, unauawa na huruma.”

Binti yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, anasikia kila neno. Aliniangalia. Ningeweza kubadilisha mazungumzo, sisi watu wazima tunajua kufanya hivyo. Nilimwita nje, tukasimama karibu na mti, nikamwambia: “Ule mche niliuua mimi. Wewe hukukosa. Nisamehe kwa yale niliyokuambia.”

Alikaa kimya kidogo, akauliza, “Kwa hiyo hata ningeumwagilia zile siku mbili ungekufa?”

“Ungekufa haraka zaidi.”

Alicheka. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka kuhusu ua lile.

Mbegu kwenye chandarua

Asubuhi yake alitaka tuchimbe mche mmoja kule kilimani. Bibi alikataa. Mti wa porini hukua taratibu sana, na ukiung’oa umeondoa miaka mingi kwa dakika kumi. Upande wa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ambayo lango lake haliko mbali na mji, huruhusiwi kuchuma hata jani.

Alitupeleka kwenye mti wake. Kwenye tawi moja palikuwa na maganda mawili yaliyoungana kama pembe za mbuzi, nayo ameyafunga kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Ganda likikomaa hupasuka, na mbegu zake zina manyoya laini kwenye ncha zote mbili. Upepo ukivuma, zimekwenda. Lilikuwa limepasuka usiku ule. Tulirudi Dar na mbegu 12 kwenye bahasha.

Kama nawe unataka kujaribu na watoto wako, haya ndiyo tuliyoyafanya.

Chagua chungu au kopo lenye matundu mengi chini. Changanya mchanga wa chenga, kokoto ndogo, vipande vya mkaa na mboji kidogo tu. Udongo mweusi wa bustani peke yake unashika maji mno. Laza mbegu, zifunike kwa mchanga mwembamba, nyunyizia maji, weka mahali penye joto na mwanga. Zetu zilianza kuchipua ndani ya wiki moja. Kati ya 12, zilitoka saba.

Miche ikishapata nguvu, izoeshe jua kidogo kidogo hadi ipate jua la kutosha kila siku. Mwagilia udongo ukishakauka, si kwa kufuata saa. Mfundishe mtoto kuingiza kidole kwenye udongo: kikitoka na unyevu, kopo la maji lirudi jikoni. Miezi ya baridi, majani yakidondoka, punguza maji sana. Bonyeza shina polepole. Likiwa gumu, mti mzima. Likiwa laini, ung’oe haraka, kata sehemu iliyooza hadi ufikie nyama safi, uache ukauke kivulini siku kadhaa, ndipo uupande upya kwenye mchanga mkavu.

Kazi ya kukata ni ya mtu mzima, mwenye glovu. Chungu kikae juu, mbali na watoto wadogo na wanyama wa nyumbani, na kila aliyegusa utomvu anawe kwa sabuni. Mtoto akila sehemu yoyote, usingoje dalili wala usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja na kipande cha mmea huo.

Shina lenye kitambi zuri hutokana na mbegu. Kipande cha tawi kinaota, ila mara nyingi hakivimbi vivyo hivyo. Kila unapohamisha chungu, panda juu kidogo kuliko mwanzo ili mizizi minene ionekane. Wenye subira huona maua ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Sisi bado hatujaona. Miche saba imebaki mitano: mmoja uliliwa na konokono, mwingine tulimpa jirani. Wiki iliyopita majani ya mkubwa wao yaligeuka njano na kuanza kudondoka. Nilijikuta nimeshika kopo la maji, natoka nalo barazani bila kufikiri.

Kwenye chungu binti yangu alikuwa amebandika karatasi, ameandika kwa kalamu nene: “UMELALA. MAMA USIGUSE.”

Nilirudi ndani na maji yangu.